Malalamiko ya Kuchukuliwa kwa Nesta Kabla Hedi Haijafungwa

Majengo, Tunduma.

Kwa Baba Mkwe,
Mzee Raphaeli,
Igamba, Mbozi.

Shikamoo Baba,

YAH: KUCHUKULIWA KWA MKE WANGU NESTA KWA SABABU YA KIFAA CHA INJINI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mkweo Jastin ni mzima, ila nakula ugali ninaousonga mwenyewe, na unatoka na mabonge. Natumaini hapo nyumbani mko salama na kahawa inaendelea vizuri.

Naandika kwa sababu njia nyingine zote zimezibwa. Simu yangu Nesta hapokei. Mshenga wetu, Mzee Efraimu, amekataa kuja huko kunisemea. Anadai yeye alimposea mtu, hakuiposea gereji. Basi nimeona nikuandikie mwenyewe kiofisi, ili haki itendeke.

Unaifahamu pikapu yangu ya kubebea mpunga kutoka Kamsamba. Msimu huu ilichemka mlimani ikiwa na mzigo, oili ikageuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Fundi Gibson aliifungua akasema kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ambacho sisi mafundi tunakiita hedi, kimepinda kwa joto. Kuipeleka Mbeya ikachongwe kwa mashine ni gharama ambayo mimi na mwanao hatunayo. Gibson akanipa njia ya mnyonge: tafuta kitu kilichonyooka kabisa, bandika msasa juu yake, sugua hedi taratibu hadi uso wake ulingane.

Baba, nilitafuta kitu kilichonyooka Tunduma nzima. Sakafu yangu ina mabonde, mlango umevimba kwa mvua, na ubao wa seremala ulikuwa umepinda kuliko hedi yenyewe. Kitu pekee kilichonyooka nyumbani kwangu kilikuwa kioo cha ile meza mliyompa Nesta siku ya harusi. Hizo ni sifa kwenu, na mimi nilitegemea pongezi. Badala yake nimepata haya yafuatayo:

1. Nimeambiwa nimeharibu meza. Si kweli. Kioo kimepata ukungu katikati, ukiweka kitambaa hauonekani. Hata kama kingeharibika, zawadi ni zawadi. Mimi nilipoleta ng'ombe wa mahari sikuuliza kama mtawakamua, mtawalimia au mtawachinja. Yule mweusi nasikia mlimuuza mnadani kabla kwato zake hazijakauka tope la njiani, na mimi nilinyamaza kama mkwe mwema.

2. Ile ziara. Tuliambiwa Mama na Shangazi Restuta watafika Jumapili, wao wakafika Jumamosi. Nesta alikuwa sokoni. Hedi ilikuwa mezani, imeoshwa, na ili isipate vumbi nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile chenye maua. Nilipomwona Mama anaingia uani nilitokea mlango wa nyuma, maana mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe wala hamsemeshi mpaka siku atakapokaribishwa rasmi. Hilo mlinisisitizia ninyi wenyewe, nikalishika.

Wakaingia, wakakaa, wakaona kitu kirefu kimefunikwa vizuri mezani. Wakajua ni mbuzi wa kuchoma, ameandaliwa kwa ajili ya wakwe. Mimi nilikuwa nje dirishani naona yote. Nilikohoa. Niligonga ukuta. Nilianza hata kuimba pambio, Shangazi akalipokea kutoka ndani na kuongeza sauti ya pili. Lakini kumwambia Mama asifunue sikuweza, ni mwiko. Wakanawa mikono. Shangazi akaomba kwa muda mrefu, akaibariki mikono iliyoandaa na nyumba iliyojaliwa mkwe mkarimu. Kisha Mama akafunua.

Nasikia huko Mbozi inasemwa kwamba niliwalisha wakwe chuma. Huo ni uongo mtupu, hakuna aliyekula. Shangazi, ambaye macho yanamsumbua, ndiye aliyejaribu kumega, akasema mbuzi huyu alikuwa mzee. Nesta aliporudi na mboga zake alimkuta Mama analia na mimi nimesimama dirishani kama mwizi. Alifungasha nguo, wakaondoka wote watatu kwa basi la jioni. Nauliza kwa unyenyekevu: kosa hapo ni la hedi au ni la desturi?

3. Hedi imeombewa. Gibson anasema katika ufundi wake wote hajawahi kufunga kifaa kilichoombewa chakula. Nesta ameikimbia nyumba yenye kitu kilichobarikiwa na shangazi yake mwenyewe. Sijui wazee wa kanisa mnaliitaje jambo hilo.

4. Naambiwa mwanao alikuwa amekwisha kuchoka kabla ya siku ile, kwa sababu ya vyombo vyake. Sufuria ya pilau niliichemshia hedi kwa sabuni ya unga ili masizi yatoke, na yalitoka. Mafuta ya taa ya jikoni niliyamimina juu ya valvu kuona kama zinavuja, hazikuvuja. Jiwe lake la kusugulia visigino nililitumia kulainishia njia za hewa, maana hewa ikipita bila kukwama injini inapata nguvu ya bure. Kila kitu nilikirudisha mahali pake. Kwamba visigino vyake vilibadilika rangi kuwa vyeusi, hilo sikuambiwa mapema, ningelishughulikia.

Kutokana na hayo naomba Nesta arudishwe wiki hii kwa nauli yenu. Aje na meza nyingine, kubwa zaidi, kwa kuwa jirani yangu mwenye lori ameona kazi yangu na ameanza kuuliza. Shemeji zangu ambao hawajaolewa, kila mmoja apewe meza ya kioo mapema, ili ukoo usije ukapungukiwa. Desturi ya kutosemeshana na mama mkwe isimamishwe kwa muda katika nyumba zote zenye matengenezo. Na Shangazi Restuta aje yeye mwenyewe, kwani gia boksi nayo imeanza kulia na nisingependa fursa ile ya kuombewa ipotee.

Leo Gibson anafunga hedi. Mchana tunaipeleka pikapu mlimani na magunia. Ikipanda, kila mtu kuanzia Tunduma hadi Igamba atajua nani alikuwa na haki katika ndoa hii.

Nisalimie Mama, kwa umbali unaostahili. Nisalimie Shangazi, shemeji zangu wote, majirani, kwaya ya kina mama, na wale ng'ombe waliobaki.

Ni mimi mkweo mwenye manung'uniko lakini mwenye adabu,
Jastin Simbeye.

Nyongeza: Barua ilikuwa bado haijafungwa, nimerudi kutoka mlimani. Baba, pikapu imepanda. Imepanda na mzigo wote, haikuchemka, mshale wa joto haukutikisika. Gibson alipiga makofi. Mimi nilishuka hadi nyumbani mbio ili nifike kabla furaha haijapoa, nikapiga honi mlangoni kama nifanyavyo siku zote, maana Nesta hutoka na kanga yake begani akaniuliza safari ilikuwaje. Hakutoka mtu. Nikapiga tena. Nikapiga sana. Akatoka jirani, akaniuliza kama nimefiwa.

Nilikaa ndani ya gari nikashindwa kuzima injini, kwa sababu nikizima nyumba itakuwa kimya.

Nimekosa, Baba. Futa namba moja hadi ya nne na maombi yote yanayofuata, hata lile la gia boksi. Ningeichana barua hii niandike nyingine, lakini kondakta wa basi la Mlowo, atakayeileta huko, amesimama mlangoni ananihimiza. Jumapili nakuja na Mzee Efraimu. Alikuwa anapita, akanikuta katika hali niliyokuwa nayo, akakubali bila kuombwa. Tutaleta mbuzi, na safari hii ni mbuzi kweli, anatembea. Meza Nesta atachagua mwenyewe, ya mbao, ya kioo, au asitake meza kabisa, tutakula chini. Ninachotaka ni yeye.

Tafadhali usimsomee barua hii. Mwambie tu gari limepona, mimi bado.