Nilivyoipaka Pampu Manjano

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Nimeaibika, tena mbele ya mkwe. Ukiaibika mbele ya mume, mtalala, mtaamka, yataisha. Mbele ya mkwe ni kama kuvukwa na nguo sokoni.

Naandika hapa kwenye kundi letu kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe ni cha manjano. Mtaelewa huko mbele.

Lile gari la marehemu mume wangu, ambalo baadhi yenu mlipelekwa nalo siku ya harusi zenu, lilikuwa limekaa bandani hapa Msambweni miaka kumi na minne. Kuku walikuwa wakitaga kwenye buti. Kisha mkwe wangu Salimu, mume wa Mishi, akaanza kulifufua. Salimu ni fundi wa magari kule Ukunda. Nami nilikuwa nikimsema, mnajua. Nilisema mwanangu kaolewa na mwanamume anayelala chini ya magari mchana kutwa. (Mlicheka. Nami nilifurahi mlipocheka. Mungu anisamehe.)

Jumapili hii kuna msafara wa magari ya zamani Diani. Lakini haliingii gari lolote tu. Kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani, hata vya ndani ya boneti, na leo alikuwa aje mzee mmoja wa Mombasa, Mzee Twalibu, kulikagua. Akilikubali, Salimu ataliendesha na mimi nitakaa mbele, kiti changu kilekile cha kushoto. Sikumwambia mtu kwamba nakitamani kile kiti. Nilinunua tu doti mpya ya leso nikaiweka sandukuni, sijaikata.

Asubuhi, nilipokwisha kuswali, nikaona nilipanguse gari kabla mgeni hajafika. Salimu alikuwa amekwenda Kona ya Musa kumpokea. Nikapangusa milango. Nikapangusa vioo. Hapo ningekoma.

Nikafungua boneti.

Mle ndani kila kitu kilikuwa cheusi, safi. Isipokuwa kidude kimoja ubavuni mwa injini, ukubwa wa kitunguu maji, rangi yake sijui niiite nini. Manjano iliyofifia, na hapa na pale mawimbi ya zambarau, kama petroli iliyomwagika kwenye maji. Ndiyo pampu ya mafuta. Nikasema, loo! Kazi yote ile, halafu fundi kaacha kutu katikati! (Si nilisema analala?)

Mimi shule sikukaa sana, lakini nimelelewa na mama aliyesugua sinia za shaba mpaka ukahesabu meno yako mle. Nikaleta ukwaju. Nikaleta jivu. Nikaleta kumbi la nazi. Nikainama nikasugua nusu saa nzima, mgongo unalia. Ile rangi ikatoka yote. Kidude kikang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikajiambia, leo Salimu ataona maana ya kazi.

Hapo simu ikalia. Ni yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni amefika?"

"Amefika, tunakunywa chai, kisha tunakuja. Mama, nakuomba kitu kimoja. Ile pampu ya mafuta asiiguse mtu, hata kwa kidole. Jasho huitia doa."

"Kwani ina nini?"

"Ile rangi yake ya manjano, mama, ndiyo ya asili. Zamani mtu aliipulizia rangi ya fedha, mimi nikaitoa. Nimeivusha feri mara tatu kwenda Mombasa kwa fundi wa kuchovya vyuma kwenye dawa, mpaka ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Mzee ataanza kukagua hiyo."

"Haya," nikasema.

(Haya gani? Ukwaju ulikuwa bado unanichuruzika kiwikoni!)

Nikamwita Mishi, alikuwa jikoni anakuna nazi. Akaitazama pampu, akajishika kichwa.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimesafisha."

"Wiki tatu Salimu halali kwa ajili ya rangi hiyo!"

"Basi tuirudishe. Mwenyewe kasema ni manjano. Manjano si yapo?"

"Mama, hayo manjano ni ya mchuzi!"

"Manjano ni manjano."

Jamani, waliotupa neno moja kwa vitu viwili nao wana lawama yao. Lakini iliyobaki ni yangu.

Nikachanganya vijiko viwili vya manjano na mafuta ya nazi. Nikapaka kwa vidole, taratibu, kama ninayempaka mwari liwa. Nikarudi nyuma, nikatazama. Wallahi ilifanana. Hata Mishi aliinama akatazama mara mbili. Nikafunga boneti, na mkono nikauficha ndani ya leso.

Wakaja. Mzee Twalibu ni mtu wa adabu, kanzu nyeupe, miwani mizito, kitambaa cheupe mfukoni. Tukaamkiana, tukaulizana hali za nyumbani, kisha Salimu akafungua boneti. Bandani hakuna mwanga mwingi (nilishukuru). Mzee akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Mashaallah," akasema. "Hii ndiyo rangi yenyewe. Mafundi wengi huikosea."

Salimu akatazama chini, akatabasamu kama mtoto aliyehitimu juzuu. Mimi moyo ukaniuma, nikausemesha kimyakimya: tulia, imepita.

"Hebu liwashe tulisikilize," akasema mzee.

Likawaka. Mlio ni uleule wa mzee wangu akirudi nyumbani jioni. Nikageuka kidogo nijifute macho, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kifungoni. Mzee akasikiliza. Dakika tano. Dakika kumi. Injini ikapata moto.

Na pampu nayo ikapata moto.

Mzee akainua pua. Akanusa kulia, akanusa kushoto.

"Bi mkubwa, leo mmepika nini?"

"Samaki wa kupaka," nikasema mbio. "Karibuni chakula."

"Ahsante. Mbona harufu inatoka huku?"

Akainama tena. Tone la mafuta ya nazi likadondoka mbele ya miwani yake. Akatoa kile kitambaa cheupe, akaifuta pampu. Kitambaa kikawa manjano. Akakinusa. Kisha, wanangu, mtu mzima yule na kanzu yake, akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Imekosa chumvi tu," akasema.

Mishi akakimbilia jikoni. Nilimsikia akicheka mpaka akapaliwa. Salimu akaitazama pampu, ilikuwa nyeupe pe pale ilipofutwa. Akanitazama mimi. Leso ilikuwa imeniteleza, vidole vyote vitano viko nje, manjano tupu. Akamgeukia mgeni.

"Ni mimi, mzee," akasema. "Nilikuwa najaribu tu."

Nami nikanyamaza.

Hapa ndipo panaponiuma kuliko pampu. Nilinyamaza. Pumzi mbili, tatu, nikimwacha mtoto wa watu abebe ukwaju wangu. Yule niliyemwita mlalaji. Ndipo nikautoa mkono mbele yao.

"Mwongo huyo. Hata mkebe wa manjano haujui unakokaa. Ni mimi, na jivu langu, na kumbi langu."

Mzee Twalibu alicheka mpaka miwani ikamdondokea juu ya injini. Lakini alipokwisha kucheka, neno lake lilikuwa lilelile. Gari ni zuri, ila rangi ya asili imekwenda, na ile si ya kupaka, ni ya kuchovya, na kabla ya Jumapili haiwezekani. Mwakani, Mungu akijaalia. Akanywa chai yake, akaniombea dua njema, akaenda zake.

Salimu akashika spana akaifungua ile pampu, akaiviringisha kwenye kitambaa. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu! Lakini mkwe atasema nini? Hasira zake zote zilimalizikia kwenye spana.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Jumatatu nitaivusha feri mwenyewe, nikakae kwa huyo fundi mpaka aimalize."

"Hapana, mama!"

Alilisema upesi kuliko neno lolote nililowahi kumsikia tangu amwoe Mishi. Kisha akaona haya, akainamisha kichwa.

"Tutakwenda sote, mama. Ila pampu nitaishika mimi."

Basi Jumapili magari yatapita Diani bila letu. Doti yangu iko sandukuni vilevile, haijakatwa. Na ule mzaha wa kulala chini ya magari mtu asiurudie tena. Aliyekuwa amelala ni mimi.

Manjano yatanitoka vidoleni siku mbili tatu hizi. Haya ya mkwe, sijui. Nawaomba kitu kimoja tu: mkinikuta njiani niamkieni mpite zenu, asiniulize mtu leo nimepika nini.