Freni Imepokelewa

Nina heshima, tena nina furaha ya pekee, kuwatangazia wakaaji wote kutoka Himbi mpaka Rutshuru kwamba hakuna tena mchezaji wa Mbio za Chukudu anayelala bila jibu. Kila anayeandika anajibiwa. Anajibiwa kwa sekunde mbili, hata siku ya Noeli. Anajibiwa nini, hilo ni swali la watu wasio na shukrani, nami sitapoteza wino juu yake.

Mimi ni Fortunat Nshobole, Mkuu wa Ofisi ya Kusikiliza Wachezaji katika kampuni ya Furaha-Jeux. Tuko Himbi, mjini Goma, ghorofa ya pili, na dirisha langu linatazama ziwa. Mchezo wetu unachezwa kwenye simu: unapakia viazi juu ya chukudu kule Kibumba, unateremka nayo mpaka mjini, na anayefika wa kwanza ameshinda. Wachezaji ni elfu kumi na mbili. Tuliwafungulia jukwaa rasmi mtandaoni ili waseme yaliyo moyoni, ndipo nikagundua kwamba moyoni wana swali moja tu.

"Freni iko wapi?"

Kwa asiyejua, chukudu ya kweli, ile ya mbao yenye magurudumu mawili na usukani, inayobeba nusu ya chakula cha mji huu, ina kipande cha pneu, mpira wa tairi kuukuu, kilichopigiliwa misumari karibu na gurudumu la nyuma. Dereva anakikanyaga, chukudu inapunguza mwendo. Kila mutoto wa Goma anajua. Mafundi wetu wa kompyuta nao ni watoto wa Goma, lakini walichora chukudu ya mchezo kwa kutazama ile ndogo iliyo juu ya meza ya Directeur Général, Papa Munguakonkwa, ambayo kazi yake ni kubeba bic za kuandikia. Haijateremka popote tangu izaliwe, kwa hiyo haina freni. Na kwa kuwa ni chukudu ya Directeur, nani angethubutu kusema imepungukiwa na kitu?

Matokeo ni kwamba kwenye kona ya tatu kila mchezaji anajipiga kwenye ukuta wa mawe ya volkano na viazi vyake vinatawanyika. Kila mchezaji, kila mara. Sisi tuliliita jambo hilo "changamoto". Wao waliliita majina mengine ambayo nimeyahifadhi kwenye faili.

Tulifanya mikutano saba juu ya suala hili. Tulikula sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, tulikunywa soda, na kwenye mkutano wa saba nilizaa jibu ambalo hata Papa Directeur alisimama kulipigia makofi. Nalinukuu lote: "Ndugu mchezaji, tumepokea. Tunathamini maoni yako. Timu yetu inafuatilia kwa karibu. Endelea kufurahia." Sentensi nne, na hakuna hata moja inayoweza kutushtaki. Nililiweka kwenye mashine iwe inajibu yenyewe.

Basi wakazidi. Binadamu hana shukrani, ukimpa jibu anataka na maana yake. Katibu wangu, Mama Nasiba, mwanamke anayecheza mchezo wetu chini ya meza akidhani sioni, alinishauri hivi: "Muzee, si tuwawekee tu freni? Mafundi wanasema ni kazi ya siku mbili."

"Mama Nasiba," nikamwambia, "tukiweka freni tutakuwa tumekiri kwamba haikuwepo."

Aliandika kitu kwenye daftari lake, nadhani alikuwa ananinukuu.

Badala yake tuliunda Comité ya Utulivu wa Maneno. Comité iliamua kwamba kila anapoandika mtu "freni", mashine iligeuze neno hilo kuwa "furaha". Kuanzia siku hiyo jukwaa letu likapendeza sana. "Furaha iko wapi?" "Ninyi watu, kwa nini mulitoa furaha?" "Bila furaha tutakufa wote kwenye kona." Niliyachapisha hayo na kumpelekea Papa Directeur, akasema sasa wachezaji wanaongea kama watu waliosoma. Comité ikaongeza kifungu kimoja: anayeandika neno hilo mara tatu anafungiwa konti yake, ya jukwaa na ya mchezo pamoja, hapo hapo. Atakayetaka kufunguliwa aandike ombi kwenye jukwaa, na ombi lipate idhini ya Directeur Général mwenyewe, kwa konti yake, kwenye jukwaa hilo hilo. Ni utaratibu safi kabisa, hauna mlango wa nyuma.

Sasa nifike kwa Useni.

Useni ni dereva wa chukudu, chukudu ya kweli. Mwezi wa tatu, chukudu yake ilivunjika huko Kibumba, ikapasuka ubao wa katikati, na tangu hapo anabeba magunia kwa mgongo kama mutu aliyerudi nyuma miaka mia. Nasi tulikuwa tumetangaza mashindano makubwa, na zawadi ilikuwa chukudu mpya ya mti wa mukaratusi, ukubwa wa kazi, iliyotengenezwa na fundi wa mbao. Useni akaanza kucheza kila jioni kwa simu ya shemeji yake. Huyu mutu alikuwa amegundua, sijui kwa uchawi gani, kwamba ukiburuza gurudumu kwenye majani ya pembeni unapunguza mwendo kidogo. Alifika kona ya tatu akapita. Mutu mmoja katika elfu kumi na mbili. Akawa wa kwanza kwenye orodha, na mji wote ulijua kwamba zawadi ni yake.

Alhamisi, siku mbili kabla ya fainali, aliandika kwenye jukwaa ushauri mrefu wenye adabu, akieleza freni inavyopigiliwa, freni inavyokanyagwa, na kwamba bila freni watoto watajifunza vibaya. Hesabu mwenyewe. Mashine ikamfungia.

Ijumaa asubuhi alipanda ngazi mpaka ofisini kwangu. Alivua kofia.

"Papa, nilifungiwa juu ya nini?"

"Andika kwenye jukwaa, utajibiwa."

"Jukwaa ndiyo mulinifungia."

"Basi andika ombi la kufunguliwa."

"Niliandike wapi, Papa?"

"Kwenye jukwaa."

Akafikiri. Uso wake ulikuwa wa mutu anayetafuta mlango kwenye ukuta. "Lakini niko hapa," akasema. "Munaniona."

"Hiyo ndiyo shida," nikamwambia kwa upole, maana mimi si mutu mbaya. "Mchezaji akija na mwili wake anavuruga utaratibu. Ofisi hii inasikiliza, haiongei na watu."

Alitoa mfukoni kipande cha pneu na misumari miwili, akaviweka juu ya meza yangu. "Nilileta muone. Freni ni hii tu. Papa, mimi sitaki ugomvi. Nina watoto wane na mgongo mmoja. Kesho nikikosa kucheza, nimekosa chukudu."

Nakiri kitu kilinigusa hapo, karibu na tumbo. Lakini nilikuwa sijala. Nikamrudishia pneu yake, nikamwambia sentensi zangu nne kwa mdomo, bure, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mchezaji mwingine. "Ndugu mchezaji, tumepokea." Alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akashuka. Mama Nasiba siku hiyo hakuniletea chai.

Hata fundi wa mbao alikuwa amepiga simu wiki iliyotangulia kuuliza, "Hii chukudu ya zawadi, mbona kwenye mchoro wenu haina freni? Niweke?" Naye nilimjibu kwamba tumepokea. Akaitengeneza kama mchoro ulivyo.

Jumamosi. Ua wa hoteli moja hapa Himbi, juu ya mteremko unaoshuka mpaka ziwani. Viti vya plastiki, bendera za kampuni, mabango ya jibu langu yenye herufi kubwa kama mulango, na watu wengi kuliko tulivyotarajia: wamama wa soko, wanafunzi, madereva wa chukudu kwa mistari. Useni alisimama nyuma kabisa na mufuko wake begani. Kwenye skrini, washindani tisa waliobaki baada ya Useni kufungiwa waliteremka kutoka Kibumba. Kwenye kona ya tatu wote tisa walijipiga ukutani, mmoja baada ya mwingine, kwa nidhamu ya ajabu. Hakufika hata mmoja.

Papa Munguakonkwa akachukua kipaza sauti. Ni mutu mnene, mwenye suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. "Kwa kuwa hakuna mshindi," akasema, "zawadi inabaki kwa kampuni. Na kwa sababu kuna midomo inayosema chukudu yetu ina kasoro, mimi mwenyewe nitawaonyesha namna ya kufurahia."

Mama Nasiba aliniegemea sikioni. "Muzee, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unajua vizuri."

Nilijua. Lakini kumwambia Directeur mbele ya watu kwamba hana freni, huo ni ujumbe usiopitia njia yake. Papa alipanda juu ya chukudu ya zawadi, akasimama wima kama yule mutu wa kwenye mchezo, wakati dereva wa kweli anapiga goti moja. Akanipa ishara. Nikasukuma, kwa heshima, mikono miwili.

Mita kumi za kwanza alipungia watu mkono. Mita kumi zilizofuata mkono ulirudi haraka kwenye usukani. Halafu mteremko ukaanza kuwa mteremko, tai yake ikapanda begani, na tukasikia sauti yake mji mzima:

"Fortunat! Freni iko wapi?"

Niamini, sikukusudia. Ni kazi, inaingia kwenye damu. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe: "Ndugu mchezaji, tumepokea."

Na hapo, nyuma yangu, watu wote wakaendelea. Wamama, wanafunzi, madereva, wahudumu wa hoteli wenye sinia mkononi, kwa sauti moja, bila kusoma kwenye bango: "Tunathamini maoni yako. Timu yetu inafuatilia kwa karibu. Endelea kufurahia." Nimefanya kazi ya mawasiliano miaka kumi na moja na sijawahi kusikia ujumbe uliofika namna ile. Nilitokwa na machozi, sikatai. Papa Directeur alipita maua, akapita meza ya keki pamoja na keki, akaingia ziwani mpaka kifuani.

Timu yetu ilifuatilia kwa karibu. Tulimvuta. Alikuwa mzima, ila kiatu kimoja kilibaki kwa samaki, na krimu ilikuwa sikioni. Alipopata pumzi aliionyesha chukudu iliyoelea pembeni. "Toeni hii kitu mbele yangu. Nani anaitaka aende nayo. Sitaki kuiona tena."

"Nani anaitaka aende nayo," alirudia Mama Nasiba polepole, akiandika kwenye daftari. Akaweka tarehe na saa. "Papa, sahihi hapa." Papa alitia sahihi, akiwa na haraka ya kupewa taulo.

Useni alikwisha kuingia majini. Aliivuta chukudu mpaka nchi kavu, akaipindua, akatoa ile pneu na ile misumari miwili kwenye mufuko wake, akaokota jiwe la volkano, akapiga. Dakika tatu labda. Akaigeuza, akapiga goti juu yake, akaikanyaga nyuma kwa kisigino kuijaribu. Akacheka peke yake, cheko la mutu aliyetua gunia. "Aksanti, Mama," akamwambia Nasiba. Mimi alinipita akiisukuma kupanda mteremko.

Ingeishia hapo. Lakini Papa Munguakonkwa, amejifunga bango langu badala ya taulo, alichukua simu na kuingia jukwaani kwa konti yake mwenyewe, kuwagombeza mafundi mbele ya umma. Aliandika: "Ni nani aliyesahau freni? Nataka freni! Freni leo leo!"

Jukwaa likaonyesha: "Ni nani aliyesahau furaha? Nataka furaha! Furaha leo leo!" Kisha mashine ikamfungia.

Sasa ni wiki ya sita. Kumfungua kunahitaji ombi kwenye jukwaa, na idhini ya Directeur Général kwa konti yake. Kubadilisha kifungu pia kunahitaji idhini hiyo hiyo. Comité imekaa mara nne, sambaza zimeliwa, hakuna mlango wa nyuma. Kila asubuhi Papa anapanda ngazi na kusimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi. Chini ya dirisha, karibu saa hiyo hiyo, Useni anapita na viazi vyake vya Kibumba, anafika kwenye kona yetu, anakanyaga, anapunguza mwendo na kumsalimu Mama Nasiba.

"Fortunat," anasema Papa, "lakini niko hapa. Unaniona."

"Hiyo ndiyo shida, Papa," namwambia, na ninamwomba aandike kwenye jukwaa.