Bakapu Iliyokwenda Kwaya

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mwalimu Zefania ametangaza: Ijumaa atamteua mkuu wa klabu ya kompyuta, atakayeshika ufunguo wa chumba cha seva. Tumebaki wawili, mimi na Evaline. Nautaka ufunguo ule kuliko kitu chochote.

Kazi yangu ni bakapu. Kila Ijumaa nanakili alama za shule nzima kutoka kwenye seva na kuziweka kwenye flashi. Evaline naye ana flashi yake. Ila yeye, masikini, akishanakili hurejesha kila kitu kwenye kompyuta kuukuu ya pembeni, aone kama kweli kinafunguka. Mimi yangu siifungui. Nani hufukua mbegu kila siku kutazama kama imeota?

Jana nilimwazima Osward flashi yangu. Ni fundi mitambo wa kwaya yetu, na spika ya kanisani ilikosa nyimbo. Leo ameirudisha. Amesema mimi ni dada wa mfano.

Mpango umenijia katikati ya kipindi cha Hesabu. Alama zikipotea, nami nikazirudisha mbele ya Sista Skolastika, mkuu wetu wa shule, nani atamkumbuka Evaline?

Jumatano, 10 Septemba

Nimefanya. Mungu wangu, nimefanya!

Evaline hayupo, kaenda msibani Sitalike. Wengine walikuwa kwenye uji. Nikaingia kwenye seva kwa jina langu la siku zote, nikaamuru kanzidata yote ya alama ifutwe. Seva ikauliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo.

Mwalimu Zefania akafungua tovuti ya alama. Patupu. Akashika kichwa. Akasema Jumamosi wazazi wanakuja kuona alama za mtihani wa moko, wengine watatoka mbali, Majimoto, nao watamla mzima mzima. Sista akaitwa. Nikanyoosha mkono. Nikasema msihofu, bakapu ninayo.

Nikachomeka flashi. Mwalimu akafungua faili la kwanza. Kwaya ikalipuka kwa wimbo wa toba, sauti ya juu kabisa! Faili la pili, kwaya. La tatu, kwaya.

Sista akafanya ishara ya msalaba. Akaniuliza alama ziko kwenye ubeti wa ngapi.

Alhamisi, 11 Septemba

Sikupata usingizi. Mama kapika samaki, migebuka, nimeshindwa hata kuinusa. Sista amesema Jumamosi nitasimama mwenyewe mbele ya wazazi nieleze. Wazazi! Baba yake Emelyne wa darasani kwetu ana sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

Nimekimbia kanisani. Osward amenieleza kwa fahari: spika ilikataa kuisoma flashi, akaifomati, akafuta vyote vilivyokuwamo, ikawa kama mpya. Alikuwa anangoja shukrani. Nimemshukuru.

Nimejaribu kuandika alama upya kutoka kichwani. Nakumbuka zangu zote. Na za Evaline, pale tu nilipompita.

Flashi yake iko naye huko Sitalike. Kumpigia simu? Afadhali baba yake Emelyne.

Ijumaa, 12 Septemba

Mwalimu ndiye aliyempigia. Evaline amekuja na gari la asubuhi, khanga ya msiba bado begani. Akarejesha kwanza kwenye ile kompyuta kuukuu, akakagua, ndipo akaenda kwenye seva. Alama zikarudi! Zimekosekana za Jiografia tu, zilizoingizwa Jumatatu. Mwalimu wa somo hilo atazirudia kwa manung'uniko. Nimelia kama mtoto. Mwalimu Zefania naye kalia kidogo, akasema ni vumbi.

Ufunguo amepewa Evaline.

Tukiwa mlangoni akaninong'oneza: "Doto, mwenzangu, seva haijifuti yenyewe. Na inaandika kila anayeingia na anachofanya. Kamwambie Mwalimu kabla hajasoma." Mwalimu atazisoma kumbukumbu hizo Jumatatu.

Jumapili, 14 Septemba

Jana wazazi walisoma alama za watoto wao. Hakuna aliyenitaja. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, tayari kukimbia.

Walipoanza kula pilau, Evaline akanipa ufunguo nikalete viti vya chumba cha seva. Kaniamini! Nikaingia kwenye seva mbio, nikafuta kumbukumbu zote za wiki.

Ila sasa nimekomaa. Sifuti kitu tena bila bakapu. Kwanza nilizinakili kwenye flashi yangu, na safari hii nikafungua kuhakikisha. Zinafunguka vizuri sana. Jina langu linasomeka, na siku, na amri yenyewe.

Leo baada ya misa Osward ameniomba tena ile flashi. Nikamkanya kwa ukali asithubutu kufuta hata nukta. Ameapa, mkono kifuani: akikuta faili lolote la shule hatalifuta ng'o. Atalichapa, na kesho asubuhi atampelekea Sista mwenyewe, mkononi.

Nimempa. Hatimaye nimepata mtu anayejua thamani ya bakapu. Leo nitalala.