Poda Nyeupe Mbele ya Kizimba Changu

Leo nimeaibika mpaka soko zima limenijua kwa jina.

Juzi wafanyabiashara wa Mchikichini tulipewa semina: mtu mbaya akimwaga vimelea vya ugonjwa sokoni, tufanye nini. Ukiona unga usioujua, usiguse, usinuse, ondoa watu, piga simu. Mimi niliyeishia darasa la sita ndiye niliyejibu maswali yote. Nikachaguliwa mlinzi wa safu yetu, nikapewa utepe wa kuzuia watu na kizibao. (Nililala nacho.)

Leo nilitakiwa shuleni kwa mdogo wangu Neema kabla ya saa sita. Amesimamishwa kwa kuchelewa, harudi darasani mpaka aje mzazi. Mzazi ni mimi, tangu mama afariki. Nikavaa raba, nikafungua kizimba changu cha mashuka, nikaenda chooni, nikarudi.

Unga mweupe chini. Madoa madoa.

"Si poda hiyo?" akauliza Mama Zuhura, jirani yangu, muuza viatu.

"Mama, rudi nyuma. Usinuse."

"Na wateja wangu?"

"Nao warudi."

Nikazungushia safu nzima utepe. Nikapiga simu. Wakaja mabwana afya wawili, wamejifunika mpaka macho. Saa tano hiyo. Nikaomba niende shule.

"Aliyeugundua haondoki," wakasema. (Kweli. Ndivyo nilivyojibu kwenye semina.)

Mmoja akafuata madoa. Kizimbani. Chooni. Kizimbani tena. Yakamleta hadi miguuni pangu.

"Dada, inua mguu."

Soli ina tundu la kupitisha kidole gumba. Na raba zangu huzijaza poda ya mtoto, la sivyo mwalimu mkuu asingekaa nami chumba kimoja. (Basi, nimesema.)

"Ndiye mlinzi wetu huyo," Mama Zuhura akawaambia wateja.

Utaratibu ni utaratibu. Miguu ikaoshwa kwa klorini mbele ya watu. Raba zikatiwa mifuko mitatu, zikapelekwa kupimwa, nami nikaruhusiwa kwenda. Ningeazima ndala kwa Mama Zuhura, lakini meza yake imefungwa ndani ya utepe mpaka majibu yatoke. Utepe niliufunga mimi.

Nimefika shuleni saa sita kasoro, miguu mitupu. Neema akaniona, akageukia ukuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye mzazi? Viatu viko wapi?"

"Viko maabara, mwalimu."

Akavuta karatasi ya kumrudisha Neema darasani. Kisha akasaini. Neema yuko darasani.

Mnaocheka, chekeni polepole. Majibu hayajatoka.