Mtamba wa Ukurasa wa Kwanza

Asubuhi ile Butiama, Mniko hakuwa na nia mbaya na mtu. Alikuwa anakunywa supu. Nia mbaya ilimkuta hapo hapo mezani, pale mwenye gesti, Mama Nyangi, aliposimama mlangoni, mikono kiunoni, akitazama gari la wageni likikata kona kuingia kwa jirani yake Shamsia, ng'ambo ya barabara.

"Hao wa nne tangu juzi!" alifoka. "Ukiwauliza, wanasema wameiona kwenye simu. Mimi nilikuwaga na wageni mpaka wanalala kwenye makochi. Leo simu ndiyo inapanga nani alale wapi?"

Kijiko cha Mniko kikasimama katikati ya safari. Nyuma ya nyumba ng'ombe akalia, na yule kijana akageuza shingo haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

Jamani, ngojeni niwaeleze shida yake kabla hamjamhukumu. Mtamhukumu baadaye, na mtakuwa na haki. Mniko ni mtoto wa Kitaji, Musoma mjini. Amewahi kuuza dawa ya kuotesha nywele, na viwanja ambavyo kila masika vinahamia ziwani. Ulimi anao. Asichokuwa nacho ni ng'ombe mmoja. Alimpenda Stellah wa Bunda, alimpenda kweli, hapo hakuna utapeli hata chembe. Ukoo ulishachanga ng'ombe tisa wa mahari, bado wa kumi, na baba yake Stellah, Mzee Nathanieli, alikataa katakata kutumiwa hela kidogo kidogo kwenye simu. "Hela haizai," alisema. "Lete mtamba kabla ya mwisho wa mwezi. Ukishindwa, beba tisa wako, kuna wengine wanaulizia." Mwezi ulibakiza siku kumi na mbili.

Mniko akajifuta mdomo taratibu kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Mama, tatizo lako lina jina. Linaitwa SEO."

"Yesu wangu! La kurithi?"

"Hapana, mama. Ni kazi ya kuifanya gesti yako itokee juu mtu akitafuta kwenye Google. Wewe hujaifanya. Jirani kaifanya."

Mama Nyangi akavuta kiti. Na hapa niseme ukweli wa Mungu: kila alichomfundisha siku ile kilikuwa sahihi. Tapeli aliyefuzu hasemi uongo mpaka mfike kwenye malipo.

"Kuna kiwodi," alianza. "Mgeni akishuka njia panda anamwambiaje bodaboda? 'Nipeleke gesti nzuri.' Hayo maneno yake ndiyo kiwodi. Kama kwenye ukurasa wako hayapo, Google itakujuaje? Halafu kuna baklinki. Ukienda kuposa, unajisifu mwenyewe?"

"Thubutu! Watu ndiyo wanakusemea."

"Basi ndiyo hiyo. Tovuti za watu wengine zikikutaja na kuelekeza wageni kwako, Google inasema huyu mama ni wa maana. Na mgeni aliyekuja kwa kukutafuta mwenyewe, bila wewe kulipia tangazo, huyo anaitwa trafiki ya asili."

"Na Shamsia ataenda wapi?"

"Chini."

"Chini kabisa?"

"Ukurasa wa pili, mama. Huko hafikagi mtu, labda akosee kidole."

Uso wa Mama Nyangi ukachanua. Mwanamke huyu kanisani aliombea majirani kila Jumapili, lakini wa ng'ambo ya barabara alikuwa anamruka. Wakapatana: siku gesti itakapotokea ya kwanza, Mniko hachukui hela, anachukua mtamba.

Alirudi baada ya wiki moja. Kazi aliyoifanya ilimchukua muda wa kunywa soda. Alifungua ukurasa wa bure mtandaoni na kuandika humo sentensi moja mara thelathini. Sasa akaketi karibu na Mama Nyangi, akaishika simu kwa heshima zote, na kuandika: *gesti yenye supu ya kongoro na mapazia ya kijani Butiama kwa Mama Nyangi anayecheka.*

Naam! Ikatokea ya kwanza. Ingeshindana na nani? Tangu dunia iumbwe hakuna kiumbe mwingine aliyewahi kuyapanga maneno hayo.

Mama Nyangi alivaa miwani. "Mbona marefu hivyo? Mgeni ataandikaga yote hayo?"

"Hiyo ni kiwodi ya mkia mrefu. Wataalamu wote wanaanziaga huko."

"Aaa." Akaichukua simu yake mwenyewe, akaenda jikoni kuongeza chai. Alikaa huko muda wa kutosha kuchuma majani yenyewe. Aliporudi alikuwa mpole, na mwana wa Kitaji akamhurumia kidogo, jinsi mtu anavyomhurumia kuku wa sikukuu.

"Umeshinda, mwanangu. Ila ng'ombe hasafirishwi bila kibali cha afisa mifugo. Anapelekwa kwa nani?"

"Kwa mkwe wangu. Mzee Nathanieli Magesa, Bunda."

Mama Nyangi akaliandika jina polepole, akamuuliza tena kama amelipata vizuri. Kisha wakaenda zizini. Mniko alikuwa ameshampenda mtamba mmoja mweusi, lakini mama akakataa katakata, akamletea mwekundu mwenye sikio lililokatwa ncha. "Huyu ndiye atakayemfaa mkwe wako," alisema. "Niamini."

Sikio Mniko alidhani limeraruliwa na miiba. Mtoto wa mjini huyo, mtafanyaje? Aliuza simu yake ya pili akakodi gari, akapanda nyuma pamoja na mali yake, na njia nzima mpaka Bunda mtamba alimlamba kola ya shati.

Shangazi za Stellah walipiga vigelegele gari halijasimama. Stellah mwenyewe alitoka jikoni na unga mikononi, macho yake yakimwambia Mniko mambo ambayo mbele ya wazee hayasemwi. Mzee Nathanieli akamzunguka mtamba mara moja, akamshika sikio, akalichungulia. Akalishika tena. Vigelegele vikaanza kupungua kimoja kimoja.

"Umemtoa wapi?"

"Nimemtolea jasho, baba."

"Angalia zizini kwangu."

Mniko akaangalia. Ng'ombe zaidi ya ishirini walikuwa wanacheua humo, na kila mmoja sikio lake la kushoto lilikuwa limekatwa ncha vile vile.

"Hiyo ni alama yangu," mzee alisema. "Ng'ombe hatuwalazagi zizi moja wote, ugonjwa ukiingia unakumaliza. Mama wa huyu nilimweka kwa Nyangi wa Butiama. Tangu masika namwambia anirudishie mtamba wangu, ananiambia hana gari."

Simu ya mzee ikaita. Akaiweka sauti kubwa, maana masikio yake yamechoka.

"Baba Stellah! Kafika salama?" Ilikuwa sauti ya Mama Nyangi, imejaa furaha. "Msafirishaji wako mzuri kweli, hata nauli hajanidai! Hebu mpe salamu. Mwambie nilipoenda kuongeza chai nilikutana na dereva wa fuso jikoni, nikamwambia tafuta gesti Butiama, maneno mawili tu. Shamsia wa kwanza. Mimi hata ukurasa wa tatu simo!"

Mzee Nathanieli alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Shangazi wakacheka. Dereva wa gari akacheka, na hakuna aliyemkaribisha. Mniko alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amelipa mahari kwa ng'ombe wa mkwe wake, tena kwa gari alilokodi mwenyewe.

"Lakini yale aliyonifundisha," simu iliendelea, "nimeuliza watu, ni ya kweli yote. Mwambie aje ayafanye. Siku dereva akiandika maneno mawili na mimi nikatokea juu ya Shamsia, nampa mtamba wangu mwenyewe, sikio zima."

Mzee akafuta machozi ya kicheko. "Mwezi unaisha, kijana, na neno langu nililitoa mbele ya watu. Muda nitausogeza mara moja tu. Kazi hiyo, ukiifanya kwa haki, inachukua muda gani?"

Wiki moja, ulimi ulitaka kusema. Siku tatu, kama mtandao uko vizuri. Lakini Stellah alikuwa anamtazama, na hakuwa anacheka.

"Miezi sita," Mniko alisema. Ulimi wake ulikuwa haujazoea maneno ya aina hiyo. "Kupiga picha, kuandika vizuri, kuwaomba wageni waliolala waseme ukweli wao. Sita, baba. Labda na zaidi."

Mzee akamgeukia binti yake.

Stellah akapangusa unga kwenye kanga. "Sita nitasubiri," alisema. "Hiyo labda na zaidi, kaiseme kwa Mama Nyangi." Akamshika Mniko mabega, akamgeuza kuelekea barabarani. "Wahi gari. Ukifika kabla jua halijashuka, vyumba viwili vitatu utavipiga picha leo leo."