Malalamiko juu ya Jino la Baba Mkwe na Chombo cha Kulehemia

Vuga, Unguja
20 Mfungo Mosi, 1329

Kwa mkwe wangu mheshimiwa, Sheikh Hashil bin Sleiman, Malindi, Unguja.

Shikamoo, Baba. Natumai waraka huu utakukuta na afya njema ya mwili mzima, ukiacha jino.

Ama baad, nimepokea kwa adabu agizo lako kwamba nina hadi Ijumaa kuchagua moja: mke au moto. Lakini nilikuwa tayari katika kuchagua jambo jengine, nalo ni chombo kidogo cha kulehemia vyombo hapa nyumbani, kwa kujifurahisha tu, na si haki mtu kuchaguzwa mara mbili kwa wiki moja. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu.

1. Unasema mtoto wa watu wenye mashamba ya karafuu hashiki kazi ya fundi. Sikushika kazi, Baba. Fundi huletewa vyombo na watu. Mimi majirani wananificha vyao. Hiyo ni starehe, na starehe haijamvunjia heshima mtu wa ukoo wetu hata siku moja.

2. Kile kikaango cha buni kilitoboka, nikakiziba kwa lehemu, na binti yako Badriya mwenyewe alikisifu kilipokuwa baridi. Kwamba lehemu ingeyeyuka juu ya moto, hakuna aliyeniambia. Ikayeyuka, ikaingia kwenye buni, buni ikatwangwa, kahawa ikapikwa, nawe ukanywa. Nakiri kwamba ilikuwa Idi, na kwamba wageni walikuona ukitema kipande cha jino.

3. Lehemu ni laini, hata ukucha huikwaruza. Jino linalovunjwa na kitu laini kiasi hicho lilikwisha vunjika zamani, lilikuwa likingoja sababu. Mwengine angenishukuru kwa kumjulisha. Hata hivyo niko tayari kuliziba pengo hilo kwa mkono wangu, ilimradi utakubali kukaa kimya na mdomo wazi.

4. Fundi Jaku wa Darajani ameniwekea vyombo viwili nichague. Cha kwanza ni jiko dogo la makaa lenye mivukuto ya ngozi. Mmoja avukute, mwengine alehemu. Cha pili ni taa ya shaba kutoka Ulaya, inayotiwa mafuta ya taa na kusukumwa upepo kwa kibomba, ikatoa moto wa kulehemia. "Bwana Himid," Jaku aliniambia, "taa hii haitaki mtu. Unakaa nayo peke yako siku nzima."

Unaona ilivyonifaa. Tangu ulipomchukua Badriya, hapa hakuna wa kuvukuta. Alikuwa akivukuta ile mivukuto ya kuazima bila kuchoka huku akinisimulia habari za mtaa mzima, na moto haukupanda wala kushuka. Taa haisimulii kitu. Hilo nalihesabu katika sifa zake.

5. Madhali taa inafanya kazi aliyokuwa akiifanya binti yako, na wewe ndiwe uliyemchukua binti yako, ni haki taa uinunue wewe. Naomba pia uje kuiwasha siku ya kwanza, kwani nimesikia huwa zinapasuka, na mimi bado nina meno yote.

Kwa sababu hizi, agizo lako nimelijibu: nimechagua moto.

Nisalimie mama mkwe, Bi Tamima, nisalimie wote wa nyumbani, na majirani wanaoulizia habari za jino waambie sijambo. Badriya naye msalimie, ikiwa anataka kusalimiwa.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Himid bin Shamsi

Baada ya kutia sahihi: Nimekwenda Darajani kuichukua taa, nimerudi na mivukuto. Nimejaribu kuvukuta kwa mguu na kulehemu kwa mkono, nimeungua mguu na mkono. Jino lako, Baba, lilikuwa zima, nisamehe. Nyumba imekuwa kimya na siiwezi. Mwambie Badriya kwamba akitaka arudi pasi na moto, Jaku atavichukua vyote, hata kikaango. Ijumaa nitakuja baada ya sala. Na kama hatataka kurudi, naomba uniruhusu nikae barazani kwako kidogo nimsikie akizungumza, hata kama anazungumza na watu wengine.