Uzinduzi wa Shimo la Maini

Mheshimiwa Diwani, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji pamoja na yule aliyeshindwa na bado hajakubali, waheshimiwa wachungaji, masheikh, wachinjaji, wafugaji, na akina mama mliokaa juani kwa hiari yenu, nawasalimu kwa Kigogo: mbukwenyi! (Akina mama wanajifunika khanga kichwani.) Nimesema, mbukwenyi! (Wachache: "Mbukwa.")

Mimi, Bartolomayo Chidosa, Mratibu wa Mradi wa Ini Salama, nimeondoka Area D, kule mjini, kabla hata ya chai ili nije niwaeleze, kwa mujibu wa feizi ya kwanza na kwa baraka za mastekiholda wote, kwamba tegu wa mbwa ni adui, kwa sababu mnachinja, mnakuta ini lina vifuko vya maji, mnamrushia mbwa, mbwa anapata minyoo, anajisaidia uani, mtoto anamshikashika kisha anakula bila kunawa, na baada ya miaka ini lake mwenyewe linaota vifuko. (Emiliana, aliyepasuliwa ini mwaka jana kwa ugonjwa huo huo, anamvuta binti yake Lea mbali na mbwa.) Msiwape mbwa maini mabichi! Wapeni dawa ya minyoo! Naweni mikono! Na maini mabovu yatupwe kwenye shimo hili refu, lenye mfuniko wa chuma, lililokamilika kwa asilimia tisini na nane nukta nne. Jamani, msisogee ukingoni! (Watu wanatazama chini. Kuku anapita hapo hapo akiparua.)

Sasa nasikia harufu ya nyama, na mgeni rasmi hula ini. Langu liko wapi?

(Hasani mchinjaji anasimama na sinia. "Shikamoo mheshimiwa. Ini la mbuzi uliyechinjiwa lina vifuko. Nilitupe wapi?")

Shimoni, bwana!

("Shimo lipi, mzee?")

Usilete siasa kwenye afya. Liweke hapo chini, tumalize itifaki. (Hasani anasita, kisha analiweka. Mbwa wanasogea.)

Ini salama! (Watu wanawatazama mbwa.) Taifa salama! (Mtu anakohoa.) Namalizia kwa kuwashukuru wafadhili, kumshukuru mkandarasi, ambaye tutamtafuta, na kuwashukuru ninyi kwa kulipokea shimo ambalo kilichobaki ni kulichimba tu.

(Mbwa analibeba ini mbio hadi uani kwa Emiliana. Emiliana anapiga yowe.)

Asante sana, mama! Vigelegele hivyo nitavifikisha mjini.